Gari Linapovuja Maji Baada ya Kubadilishwa Pampu

Umekwisha kulegeza mkanda, ukaing'oa pampu ya maji iliyochakaa, ukaifunga mpya kwa mikono yako mwenyewe uani kwako, ukajaza rejeta, ukawasha injini kwa furaha ya mtu aliyejiokolea ujira wa fundi. Na kabla furaha hiyo haijatimia, ukainama ukaona matone yanadondoka sakafuni. Hapo nafsi humwamrisha mtu mambo mawili, na yote mawili hayana busara: la kwanza ni kushika spana akakaza kila nati inayofikika, na la pili ni kulirudia duka lililomuuzia pampu kwa maneno makali. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya saa hiyo. Kauli yake ni kwamba pampu mpya isishitakiwe mpaka ithibati ipatikane, kwani aghalabu kosa hukutwa katika nyuso mbili zinazokutana pale ilipofungwa, au katika mpira na klipu ulizozigusa ukiwa njiani kuifikia; na kwamba aliyepajua mahali mvujo unapoanzia amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi, ilhali asiyepajua huweza kuifungua na kuifunga injini ile ile hata boliti zikachoka, na maji yangali yakidondoka.

Ili maneno haya yasielee hewani, nitashika injini moja ambayo barabara zetu zimejaa, nayo ni 1NZ-FE ya Toyota, ya lita 1.5, inayopatikana katika IST, Probox, Succeed na Corolla Fielder nyingi. Injini hii imelazwa kwa upana wa gari, na pampu yake iko upande wa mkanda, yaani mkono wa kulia wa gari, ikizungushwa na mkanda ule ule wa nje unaoizungusha altaneta. Hufungwa kwa boliti 3 na nati 2, na baina yake na injini hukaa gasketi nyembamba ya chuma. Mwenye gari ambalo pampu yake imefichwa nyuma ya mkanda wa taimingi, karibu yote nitakayoyasema yanamhusu yeye pia, illa aongeze tahadhari moja kubwa: maji yanayovuja mahali pale huulowesha mkanda wenyewe, na mkanda wa taimingi uliolowa kulanti hauaminiki tena, na ukikatika au kuruka meno injini ikizunguka, katika injini nyingi pistoni huzigonga vali zikapinda. Huyo asiliendeshe gari lake hata hatua moja mpaka mvujo ukomeshwe.

Maji ya rejeta hukaa chini ya shinikizo, na jambo hili ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Juu ya mfuniko wa rejeta utaona pameandikwa tarakimu, mara nyingi 0.9 au 1.1, nayo ni kadiri ya shinikizo, kwa kilo katika sentimita moja ya mraba, ambayo springi ya mfuniko huizuia kabla haijayaachia maji yakimbilie tanki la akiba. Faida ya shinikizo ni kuchelewesha kuchemka: maji matupu ambayo pale Mombasa au Dar es Salaam, yakiwa sufuriani, huchemka katika digrii 100, yakiwa chini ya mfuniko wa 1.1 hayachemki mpaka yapite digrii 120. Sasa mfikirie mtu wa Nairobi, aliye zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako sufuria iliyo wazi huchemka yapata digrii 94. Mfumo wake ukivuja hata kwa tundu dogo lisilopoteza maji mengi, shinikizo halipandi, na maji yake hukaribia kuchemka katika joto lile lile ambalo feni ya umeme ndipo kwanza inaanza kuzunguka. Mtu wa pwani huweza kuishi na mvujo mdogo muda mrefu kidogo pasipo kuadhibiwa. Mtu wa bara, adhabu yake huja mapema.

Kwa ajili ya shinikizo hilo hilo, mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka gani na hata ukiufunika kwa tambara, maana maji yaliyokuwa yametulia katika digrii 110 hugeuka mvuke papo hapo yanapoachiwa, yakamrukia mtu usoni na kifuani. Ngoja mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa kiganja pasipo kuunguza. Fauka ya hayo, kulanti nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu. Paka, mbwa na mbuzi huilamba, na mtoto anayetambaa huweza kuionja. Kinga yote inayomwagika kwa beseni, itie katika dumu lenye kifuniko, na dumu hilo lisiwe chupa ya soda.

Tuje sasa kwenye swali la kwanza, ambalo watu wengi hulipita: je, gari linavuja kweli? Ulipoiondoa pampu ya zamani, maji yaliyosalia ndani ya injini yalitoka kwa mkupuo, yakajaa juu ya bamba la plastiki la chini, yakaingia katika mikunjo ya chasisi na mashimo ya vishikizo vya injini, na humo yatakaa yakidondoka moja moja hata siku ya pili. Wako watu waliorudia kazi nzima kwa ajili ya matone ya jana. Aidha, gari lenye kiyoyozi hutoa maji yake safi chini ya upande wa abiria, na katika unyevu wa pwani maji hayo huwa mengi hata yakafanya kijito. Hayo hayana rangi, hayana harufu, wala hayana utelezi ukiyasugua baina ya vidole. Kwa hiyo, injini ikiwa imepoa, livue lile bamba la chini, osha eneo lote la pampu na chini yake kwa maji safi na brashi ukiiepusha altaneta, kausha kwa tambara, na kama jirani yako ana kompresa ya upepo, mwombe. Zima kiyoyozi. Tandaza boksi lililofunguliwa, jeupe au la kahawia, chini ya upande wa kulia wote wa injini, kisha ndipo uanze kuamini unachokiona.

Utafutaji wenyewe una kanuni moja: maji hushuka, na upepo wa feni na wa mkanda huyatupa pembeni, kwa hiyo mahali yanapodondokea hapawezi kutoa ushahidi wa mahali yanapotokea. Tone linaloning'inia katika ncha ya chini ya pampu huweza kuwa limeanza safari yake kwenye klipu ya mpira wa juu, likatambaa juu ya chuma, likaifikia pampu likiwa mgeni tu. Unalolitafuta ni sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Chukua tochi na kioo kidogo cha mkono, uanze juu ukishuka, ukipitisha kidole chini ya kila mpira na nyuma ya kila shingo, maana upande wa nyuma usioonekana ndio wenye siri. Pale penye mashaka, nyunyiza poda ya mtoto kidogo kwa brashi kavu; maji yakipita juu yake huacha njia inayosomeka vizuri kuliko chuma kilicho wazi. Mvujo wa siku nyingi nao hujiandikia: kulanti ikikauka huacha ukoko wa rangi yake, wa waridi au kijani, na maji ya chumvi huacha weupe. Ukikuta ukoko wa namna hiyo mahali ambapo mkono wako haukufika juzi, jua kwamba mvujo huo ni wa zamani, na kwamba ulifunikwa tu na ule mkubwa wa pampu iliyokufa.

Chombo bora kuliko vyote katika kazi hii ni pampu ya mkono ya kupimia shinikizo la rejeta, yenye saa na vifuniko vya ukubwa mbalimbali, ambayo gereji nyingi za mijini zinayo na wengine hukubali kuiazima kwa malipo. Hufungwa mahali pa mfuniko, injini ikiwa baridi na imezimwa, ukapampu mpaka ile tarakimu iliyoandikwa juu ya mfuniko wako, usipite hapo, kisha ukaitazama sindano kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Ikisimama, mfumo umefungika. Ikishuka, maji yanatoka mahali, na uzuri wake ni kwamba mkanda hauzunguki, feni haipulizi, wala hakuna kitu cha moto, basi unaweza kuingiza kichwa na tochi utakapo. Asiye na chombo hicho na afanye hivi: afunge mfuniko, awashe injini mpaka ipate moto, aizime, kisha aangalie kwa robo saa, kwa kuwa injini ikizimwa joto la chuma huendelea kuingia katika maji yaliyosimama, na shinikizo hupanda zaidi kuliko wakati ilipokuwa ikinguruma. Injini ikiwa inazunguka, kanga, mikono ya kanzu na nywele ndefu zikae mbali na mkanda. Na hata ikiwa imezimwa, feni ya umeme huweza kuwaka yenyewe ikiwa swichi ya ufunguo imewashwa.

Tuseme sasa umeona kwamba maji yanatoka kwenye pampu kweli. Hukumu bado haijatimia, kwani pampu ina mahali pawili pa kuvujia, na kila mahali pana maana yake. Chini ya mwili wake, nyuma ya puli, pana tundu dogo lililotobolewa kwa makusudi baina ya sili na beringi, ili sili ikishindwa maji yatoke nje badala ya kuizamisha beringi. Pampu mpya huweza kutoa tone moja au mawili hapo katika dakika zake za mwanzo, wakati nyuso za sili zinapozoeana, hayo yavumilie. Lakini ikiwa injini imepata moto, ikapoa, ikapata moto tena, na tundu lingali linalia, basi sili imeharibika, na hapa ndipo duka linapostahili kuendewa, pamoja na risiti. Usithubutu kuliziba tundu hilo kwa gundi wala kwa msumari, maana utakuwa umeyaelekeza maji katika beringi, nayo ikikwama itaukata mkanda ukiwa njiani. Walakini kabla hujaenda dukani jiulize kwa insafu mambo mawili. Je, uliiwasha injini kabla ya kuitia maji, ili uisikilize tu? Sili ya pampu hulainishwa na maji yenyewe, na kuzunguka kukavu kwa muda mfupi hutosha kuiunguza. Na je, mkanda uliukaza kiasi gani? Mkanda uliokazwa kupita kiasi huivuta shafti upande mmoja, sili ikakosa kukaa sawa.

Ikiwa tundu ni kavu na maji yanachuruzika katika mshono, pale pampu inapokutana na injini, basi kosa ni la ufungaji, na ndilo kosa ninalotaka tulikalie kwa muda, kwa kuwa ndilo linalowapata wengi na ndilo lisilotengenezeka kwa kukaza. Mtu huona mshono unatoa maji, akaizungusha spana nusu duru, maji yakapungua, akafurahi, akazungusha tena, na ghafla boliti ikawa nyepesi mkononi: meno ya alumini yamekatika, na kazi ya gasketi ya bei ndogo imegeuka kazi ya kutoboa na kutia meno mapya. Kadiri ya kukaza boliti za pampu ya 1NZ ni nyutoni-mita 11, na kadiri hii ni ndogo kuliko wanavyodhani wengi. Ukishika spana ya urefu wa sentimita 15, ni kama uzito wa kilo saba na nusu tu mwishoni mwake. Mwenye toki renchi na aitumie. Asiyekuwa nayo ashike spana fupi, karibu na kichwa cha boliti, akumbuke uzito huo.

Basi mshono ukivuja, sabili iliyonyooka ni kumwaga maji, kuifungua pampu, na kuanza upya kwa usafi. Tazama gasketi uliyoitoa kabla hujaitupa, maana imeandika kisa chote: alama ya kubanwa ikiwa imezunguka sawasawa, kosa liko katika uso wa chuma, ikiwa upande mmoja umebanwa na wa pili haujaguswa, pampu ilifungwa upande, ikiwa imekunjwa ukingoni, iliteleza wakati wa kuivika. Gasketi hiyo isirudishwe tena kamwe, hata ikionekana nzima.

Uso wa injini ndio wenye haki ya muda wako. Ziba mlango wa maji kwa tambara safi ili takataka zisiingie ndani, kisha kwangua mabaki ya gasketi ya kale kwa ukingo wa plastiki au wembe ulioulaza bapa, ukilainisha yaliyoshupaa kwa dawa ya kuondoa gasketi au kwa subira. Mashine ya kusagia na msasa wa kukwaruza ni haramu hapa: alumini ni laini, na mtu akiisaga kwa dakika moja huchimba bonde ambalo jicho halilioni bali maji huliona, na vumbi la msasa likiingia katika mfumo huenda moja kwa moja kwenye sili ya pampu mpya. Ukimaliza, pitisha ukucha juu ya uso wote. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha na kukatiza njia ya gasketi kutoka ndani hadi nje ni mlango wa maji. Weka ukingo wa rula ya chuma iliyonyooka, uangaze tochi kwa nyuma, uone kama mwanga unapita. Katika magari yaliyotembea miaka kwa maji matupu utakuta vishimo vya kutu nyeupe kuuzunguka mlango wa maji. Vilivyo vidogo hujazwa kwa silikoni kidogo sana, vilivyo vikubwa hujazwa kwa gundi ya chuma, ikakauka kama maelekezo yake yanavyotaka, ikasawazishwa kwa ubao bapa wenye msasa laini sana, hapo penye gundi tu.

Juu ya silikoni nina neno. Fundi wa kalafati, anapotia pamba katika mshono wa jahazi, huitia kwa kadiri, kwani ikizidi huusukuma ubao badala ya kuuziba; na silikoni iko vivyo hivyo. Gasketi ya chuma ya 1NZ, yenye utando wake wa mpira, haihitaji silikoni hata chembe juu ya uso ulio safi, na ikipakwa huteleza ikakaa upande. Ile gasketi ya karatasi, inayokuja na pampu nyingine za dukani, yaweza kupakwa utando mwembamba kama jasho la kidole. Lakini desturi ya kumimina silikoni hata ikatoka ukingoni kama utepe, mwenyewe akaona fahari, ni desturi mbovu, maana kiasi kile kile kilichotokeza nje kimetokeza na ndani, nacho kitakatika siku moja kikaziba mirija myembamba ya rejeta au kikaizuia thamostati isifunge. Na aliyelazimika kuitumia asiijazie maji papo hapo. Silikoni nyingi huhitaji siku nzima kukomaa, na anayewasha injini saa hiyo hiyo huisukuma nje ikiwa bado tope.

Safisha matundu ya boliti pia. Tundu lisilotokea upande wa pili likiwa na maji au mchanga, boliti hufika chini kabla ya kuibana pampu, mkono ukadhani imekaza. Mahali ambapo tundu linatokea katika njia ya maji, kama ilivyo katika injini kadha wa kadha, meno ya boliti yapakwe dawa ya kuzibia, la sivyo maji yatapanda kwenye meno na kutokea chini ya kichwa, nawe utailaumu gasketi bure. Kumbuka vilevile kila boliti ilitoka tundu gani, kwa kuwa mara nyingi hazilingani urefu. Ukirudisha, tundika gasketi juu ya zile skrubu mbili za nati, na hiyo ndiyo kazi yake, kisha vika pampu taratibu, zungusha zote kwa vidole mpaka ziguse, na ukaze kwa kukingamisha, hii kisha ile iliyo mkabala wake, kwa awamu mbili au tatu, hata zifike kadiri.

Mipira nayo ina hila zake, ingawa si nyingi. Mpira uliong'ang'ania shingo ukachokonolewa kwa bisibisi huacha mfereji juu ya plastiki ya rejeta, na mfereji huo huvuja hata klipu ikazwe vipi. Lainisha mahali hapo kwa msasa mwembamba sana, au ukubali kwamba shingo imeharibika. Klipu ya springi irudi juu ya alama ile ile iliyoiacha katika mpira, na ikae nyuma ya ule ukingo ulioinuka wa shingo. Ikipanda juu ya ukingo wenyewe, au ikibaki mbele yake, hufungua njia. Klipu ya skrubu ikizidishwa huukata mpira. Mpira uliokauka mpaka ukawa mgumu kama ganda, au uliofura karibu na shingo, usirudishwe juu ya pampu mpya. Na katika injini nyingine kuna bomba la chuma linaloingia nyuma ya pampu kwa pete ya mpira: pete hiyo hubadilishwa kila pampu inapobadilishwa, hupakwa kulanti kabla ya kusukumwa, na ikikatika wakati wa kuingia hakuna kinachotokea nje ila matone ambayo mtu huyahesabu kuwa ya pampu. Angalia pia kile kifungio cha plastiki cha kumwagia maji chini ya rejeta. Wengi hukisahau kikiwa nusu.

Huenda kila kitu kimefungika sawa, na bado maji yakamwagika kupitia tanki la akiba: basi mtuhumu hewa. Pampu husukuma maji, haiwezi kusukuma mapovu, na mfuko wa hewa ukikaa ndani ya injini maji yaliyo jirani nao huchemka, mvuke ukapanuka, ukayatoa maji mengine nje kana kwamba kuna mvujo. Henry Ford, alipoanza kuuza Model T mwaka 1908, magari ya mwanzo kiasi cha 2,500 aliyatia pampu ya maji, kisha akaiondoa, akayaacha maji yazunguke yenyewe kwa kuwa ya moto hupanda na ya baridi hushuka, na kwa injini ile ya mwendo wa pole iliwezekana. Probox iliyopakiwa hadi paa ikipanda mlima haina stahamala hiyo. Kwa hiyo liegeshe gari pua ikiwa juu, weka kidhibiti cha hita kwenye joto la mwisho, jaza rejeta polepole huku ukiminya mipira ya juu na ya chini kwa mkono, na mapovu yakikoma washa injini ukiwa umeuacha mfuniko wazi tangu mwanzo, ukisimama kando. Thamostati ya injini hii hufunguka baina ya digrii 80 na 84. Itakapofunguka, kiwango kitashuka ghafla, nawe ongeza, kisha funga mfuniko kabla maji hayajaanza kupanda kwa nguvu, na ujaze tanki la akiba mpaka alama ya juu. Hita ikipuliza baridi ilhali injini ni ya moto, hewa ingalimo. Jambo la kuogopesha ni kwamba magari mengi ya jamii hii hayana mshale wa joto, ila taa ya buluu na taa nyekundu, na taa nyekundu huja kwa kuchelewa.

Kuhusu kinachojazwa, visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi huila alumini. Mtu asiyeweza kupata kulanti iliyochanganywa tayari na achanganye iliyokolea nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, au akikosa, maji ya mvua yaliyokingwa safi. Rangi ya kulanti si dhamana ya aina yake, na kuchanganya mbili zisizojuana huweza kuzaa uji. Ama zile dawa za unga za kuziba mvujo, na mayai mabichi yanayosifiwa vijiweni, hayatofautishi tundu la kuvuja na mrija wa rejeta. Huziba vyote viwili.

Na ikiwa pampu ya kale ilikufa njiani na gari likachemka kabla ya kuzimwa, usisahau kwamba joto lile huenda liliipinda hedi. Maji yanayopungua pasipo tone chini, moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto, mapovu yasiyoisha ndani ya rejeta, mpira wa juu unaokuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, au rangi ya maziwa katika oili, hizo ni dalili za hedi gasketi, na hapo mwongozo huu unakukabidhi kwa fundi mwenye vyombo vya kupimia gesi ndani ya maji.

Kazi ikishatulia, tazama tanki la akiba kila asubuhi kabla ya kuwasha, kwa muda wa juma moja. Siku ya kwanza na ya pili litapungua kidogo, kwani hewa iliyosalia inatoka na maji yanachukua nafasi yake. Ongeza hadi alama. Likiendelea kupungua siku ya nne, rudia boksi na tochi. Likisimama, rudisha lile bamba la chini ulilolivua, kisha upime mvutano wa mkanda injini ikiwa baridi, maana uliulegeza ulipokuwa ukiitoa pampu, na mkanda ulionyweshwa kulanti hupiga kelele. Uoshe kwa maji, ukaushe, uukaze kwa kadiri yake. Ukiendelea kulia baada ya hapo, nunua mwingine, usiuongezee mkazo.